Kurudisha picha ya zamani kwa kompyuta, kuanzia kwenye skana

Picha ya karatasi iliyolala miaka 50 kwenye albamu haikuharibika siku moja. Kwanza mkono wa mpigaji ulitikisika, au fokasi ilikosea kidogo. Filamu nayo ikaongeza chembe zake. Miaka ikapita, rangi zikapauka. Kisha mtu akaikunja, mwingine akaikwaruza, vumbi likaganda. Leo unaiweka kwenye skana, na skana nayo inaongeza chenga zake (vidoti visivyokuwamo kwenye picha) na vivuli vya kila kinundu cha karatasi.

Madhara hayo yaliingia kwa zamu, na yanatolewa kwa zamu ya kinyume: lililoingia mwisho litoke kwanza. Kazi nyingi zinazoishia na picha mbaya kuliko ya mwanzo zimekosea hapo tu. Ukiongeza makali kabla ya kutoa vumbi, umelinoa vumbi. Ukisawazisha rangi ukiwa na faili dogo la JPEG, unavuta rangi ambazo hazimo tena.

Mahitaji: kompyuta yenye RAM ya GB 8, skana ya mezani, GIMP (programu ya kuhariri picha) kwa kazi ya mkono, na Python (lugha ya kuandikia programu) pamoja na maktaba nne:

pip install opencv-python numpy scikit-image PyWavelets

Kama ndugu ndiye anayekutumia picha kwa WhatsApp, mwambie aitume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa na kukandamizwa, na utaona viboksi vya pikseli 8 kwa 8 kwenye mashavu na angani. Viboksi hivyo ni dhara jipya ambalo picha haikuwa nalo asubuhi.

1. Skani

Pangusa kioo cha skana kwa kitambaa laini kikavu. Picha yenyewe ipulize kwa pampu ya mkono au ipitishie brashi laini. Usitumie maji, spiriti wala mate. Iliyoganda kwenye albamu ya kunata usiivute kwa kona. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, taratibu, kama msumeno. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue kabisa, maana utando wa picha utabaki kwenye kioo. Iskani pamoja na kioo chake. Hapo aina ya skana ina maana: zile nyembamba zinazopata umeme kupitia waya wa USB kwa kawaida huona vizuri kile kilichogusa kioo chao tu, na milimita mbili za kioo cha fremu zinatosha kuifanya picha iwe na ukungu. Ukiwa na hiyo tu, heri upige picha kwa kamera iliyo kwenye tripodi, taa mbili kila upande kwa nyuzi 45.

Mipangilio: dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), biti 16 kwa kila chaneli ya rangi (nyekundu, kijani, bluu), faili la TIFF, nafasi ya rangi sRGB (kanuni ya kawaida ya namba za rangi kwenye skrini). Picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoa pikseli 2362 kwa 3543, faili la kama MB 50. Zima kila kitu kinachojiita cha kuboresha: kunoa, kuondoa vumbi, kurudisha rangi. Skana ikishafanya hivyo huwezi kujua ilifanya nini, na hatua zote zinazofuata zinategemea kujua.

Pambizo nyeupe ya karatasi usiikate. Utaihitaji kwenye rangi.

Hasi za filamu ya milimita 35 zinahitaji dpi 2400 au zaidi. Skana yenye mwanga wa infraredi wa kugundua vumbi ni msaada mkubwa kwa hasi za rangi, lakini kwa hasi za nyeusi na nyeupe izime: fedha iliyo kwenye filamu huzuia infraredi, na mashine itadhani picha nzima ni vumbi.

2. Skani mara mbili, picha ikiwa imegeuzwa

Studio nyingi za miaka ya 1970 zilichapa kwenye karatasi yenye vinundu kama sega la nyuki. Taa ya skana inapiga kutoka upande mmoja, kila kinundu kinatupa kivuli, na uso wa mtu unakuwa na wavu. Dawa nafuu kuliko zote: skani mara moja, zungusha picha nyuzi 180 juu ya kioo, skani tena. Ukiligeuza faili la pili na kuchukua wastani wa hizo mbili, vivuli vya kushoto na vya kulia vinafutana, na chenga za skana zinapungua kwa takriban asilimia 30.

Sharti zikae sawasawa moja juu ya nyingine. Skana haivuti kwa kasi iliyo sawa kabisa, kwa hiyo kusogeza tu hakutoshi. Ruhusu na mnyooko kidogo:

```
import cv2, numpy as np
def soma(f):
    return cv2.imread(f, cv2.IMREAD_UNCHANGED).astype(np.float32) / 65535
a = soma("a.tif")
b = cv2.rotate(soma("b.tif"), cv2.ROTATE_180)
def ndogo(p):
    g = cv2.cvtColor(p, cv2.COLOR_BGR2GRAY)
    return cv2.resize(g, None, fx=0.25, fy=0.25, interpolation=cv2.INTER_AREA)
M = np.eye(2, 3, dtype=np.float32)
kikomo = (cv2.TERM_CRITERIA_EPS | cv2.TERM_CRITERIA_COUNT, 200, 1e-6)
_, M = cv2.findTransformECC(ndogo(a), ndogo(b), M, cv2.MOTION_AFFINE, kikomo, None, 5)
M[:, 2] *= 4
b = cv2.warpAffine(b, M, (a.shape[1], a.shape[0]),
                   flags=cv2.INTER_CUBIC | cv2.WARP_INVERSE_MAP)
picha = (a + b) / 2
```

Hesabu inafanyika kwenye nakala ya robo ili isichukue dakika nyingi, ndiyo maana msogeo unazidishwa kwa 4 mwishoni. Ikigoma na kusema haikufikia jibu, mara nyingi skani zimekatwa tofauti mno. Zikate upya zikaribiane. Kisha hakiki: tazama tofauti ya a na b. Ukiona wavu wa karatasi peke yake, safi. Ukiona mstari wa pua na ukingo wa kola, hazijakaa, na wastani wake utakuwa na ukungu ulioutengeneza mwenyewe.

3. Wavu uliobaki, na nukta za gazeti

Kinachojirudia kwa umbali sawa kinajificha vizuri kwenye picha lakini hakijifichi kwenye Fourier, hesabu inayogawa picha kuwa mawimbi yanayojirudia. Badilisha chaneli ya mwangaza, utazame ukubwa wake kwa logi: katikati patang'aa, na pembeni utaona nyota chache kali, kila moja na pacha wake upande wa pili wa kitovu. Hizo ndizo wavu. Vinundu vinavyojirudia kila pikseli 20 kwenye picha yenye upana wa pikseli 2400 vitakaa pikseli 120 kutoka katikati. Picha iliyokatwa kwenye gazeti lenye mistari 85 kwa inchi, ikiskaniwa kwa dpi 600, ina nukta kila pikseli 7 hivi, basi nyota zake ziko mbali zaidi, pengine zimelala mshazari.

```
F = np.fft.fftshift(np.fft.fft2(mwangaza))
Y, X = np.indices(F.shape)
for y, x in vilele:            # vilele ni nyota ulizoziona; andika pacha zote mbili
    F *= 1 - np.exp(-((Y-y)**2 + (X-x)**2) / (2 * 6**2))
mwangaza = np.real(np.fft.ifft2(np.fft.ifftshift(F)))
```

Kisha rudisha mwangaza huo ndani ya picha. Usiguse duara la pikseli 40 kuzunguka kitovu. Humo ndimo ulimo mwanga wa picha nzima. Na nyota isiyo na pacha haipo: ukiifuta moja tu, mawimbi yatabaki. Msalaba mwembamba unaopita katikati si wavu, unatokana na kingo za picha kutokulingana, uache.

4. Vumbi, mikwaruzo, mikunjo

Hapa kuna kazi mbili: kusema wapi pameharibika (ramani hiyo inaitwa maski, nyeupe ni palipoharibika), na kupajaza. Kujaza kunafanywa na mashine vizuri. Kusema wapi, mashine ni mjinga, na ndipo muda wako utakapokwenda.

```
g = (cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2GRAY).clip(0, 1) * 255).astype(np.uint8)
k = cv2.getStructuringElement(cv2.MORPH_ELLIPSE, (15, 15))
maski = ((cv2.morphologyEx(g, cv2.MORPH_TOPHAT, k) > 25) * 255).astype(np.uint8)
maski = cv2.dilate(maski, np.ones((5, 5), np.uint8))
cv2.imwrite("maski.png", maski)
```

Hii inakamata kila kilicho cheupe kuliko jirani zake na chembamba kuliko pikseli 15, yaani kama milimita 0.6 kwa dpi 600. Kwa madoa meusi weka MORPH_BLACKHAT. Mstari wa dilate unapanua maski pikseli 2 kila upande, na usiuruke: ukingo wa mkwaruzo ni nusu picha nusu uharibifu, na ukiuacha nje ya maski, rangi yake chafu ndiyo itakayotumika kujaza katikati.

Sasa fungua maski kwenye GIMP juu ya picha, uiangalie kwa asilimia 100. Utakuta imekamata ncha ya mwanga kwenye mboni ya jicho, hereni, kifungo cha shati, shanga. Kanga ndiyo mtihani mkubwa. Madoadoa meupe ya mji wa kanga yote yatahesabiwa vumbi, na jina la kanga, kama lilichapwa kwa herufi nyeupe, litamezwa herufi kwa herufi. Jina hilo huenda ndilo jambo la thamani kuliko yote kwenye picha, kwa kuwa ndilo linalosaidia kukisia picha ni ya lini. Futa maski kwa brashi nyeusi sehemu hizo zote, halafu vumbi lililo juu ya kanga liwekee alama kwa mkono, moja moja.

Kujaza:

```
maski = cv2.imread("maski.png", 0)
safi = cv2.merge([cv2.inpaint(c, maski, 4, cv2.INPAINT_TELEA)
                  for c in cv2.split(picha)])
```

Chaneli zinatenganishwa kwa sababu inpaint inapokea rangi tatu kwa pamoja kwenye biti 8 tu. Mbinu hii, iliyotolewa na Telea mwaka 2004, inavuta rangi kutoka ukingoni kwenda ndani. Kwa mkwaruzo wa pikseli 5 huwezi kujua ulikuwapo. Kwa mpasuko wa pikseli 60 inaacha baka la rangi kama vumbi la chaki lililofutwa kwa kiganja. Pengo pana linahitaji mbinu ya kunakili vipande kutoka sehemu nyingine ya picha: kifaa cha Heal cha GIMP kwa ukuta na mchanga, au kijalizo cha vipande kilicho ndani ya G'MIC, nyongeza ya GIMP. Mpasuko ukipita juu ya mdomo au jicho, achia hapo ulipofika. Kunakili jicho la kushoto ukaligeuza kuwa la kulia ni kuchora, na inafaa isemwe hivyo.

5. Rangi zilizopauka

Picha za rangi za miaka ya 1970 zinageuka nyekundu hata zikiwa gizani ndani ya albamu. Sababu ni kwamba kati ya rangi tatu za karatasi, ile ya samawati-kijani ndiyo dhaifu zaidi gizani kwenye karatasi nyingi za wakati ule, na kazi yake ilikuwa kuzuia nyekundu. Ikifa, nyekundu inapita bila kizuizi. Kwenye skani utaona nywele nyeusi zina nyekundu ya 110 badala ya 20.

Wengi wanashika vitelezi vya rangi na kupunguza nyekundu. Matokeo: vivuli vinakubali, lakini shati jeupe linakuwa la samawati-kijani. Rangi haikupungua kwa kiasi kimoja picha nzima. Ilipungua kwa uwiano, mahali pazito pamepoteza zaidi kuliko mahali pepesi. Kwa hiyo hesabu ifanyike kwenye uzito wa rangi (D), yaani logi ya mwanga:

```
p = np.clip(safi, 0, 1)
mwanga = np.where(p <= 0.04045, p / 12.92, ((p + 0.055) / 1.055) ** 2.4)
D = -np.log10(np.clip(mwanga, 0.001, 1))
D = D - D_pambizo
D = D * np.array([1.0, 1.0, 1.78])     # bluu, kijani, nyekundu
mwanga = 10 ** -np.clip(D, 0, 3)
```

D_pambizo ni namba tatu: wastani wa D kwenye pambizo nyeupe uliyoambiwa usiikate, chaneli moja moja. Kuitoa kunaondoa unjano wa karatasi. Namba 1.78 inapatikana hivi: tafuta mahali palipopaswa kuwa peusi kabisa, soma D baada ya kutoa pambizo. Ikiwa kijani ni 1.6 na nyekundu ni 0.9, gawanya 1.6 kwa 0.9. Picha yako itakuwa na namba zake. Bluu nayo ikiwa imeshuka, ipe yake.

Kuzidisha kunazidisha na chenga, karibu mara mbili kwenye chaneli hiyo. Ndiyo sababu ya biti 16 tangu mwanzo: kwenye biti 8 chaneli iliyosinyaa ina ngazi mia moja na kitu tu, na ukizivuta anga inakuwa ya ngazi kama mistari ya ramani.

Hakiki kwa ngozi na kwa kitu cheupe, usihakiki kwa majani. Na usimalizie kwa kitufe cha kuboresha chenyewe: programu nyingi zinatafuta wastani wa kijivu, na kwenye picha iliyojaa watu weusi waliosimama mbele ya ukuta wa chokaa zinafanya kosa lile lile kila mara, zinapandisha mwanga mpaka nyuso zinapauka upya.

Nyeusi na nyeupe ni rahisi: geuza kuwa kijivu, fanya hesabu hiyo hiyo kwa chaneli moja. Mng'ao wa fedha kwenye vivuli hautoki hapa.

6. Chenga

Rudisha mwanga kwenye sRGB kwanza, maana chenga zinakaribia kuwa sawa kote huko kuliko kwenye mwanga halisi. Kisha tumia mbinu ya non-local means, ya Buades, Coll na Morel ya mwaka 2005: kila kipande kinawekwa wastani na vipande vinavyofanana nacho hata kama viko mbali.

```
from skimage.restoration import denoise_nl_means, estimate_sigma
s = np.mean(estimate_sigma(p, channel_axis=-1))
q = denoise_nl_means(p, h=0.8*s, sigma=s, patch_size=5,
                     patch_distance=6, fast_mode=True, channel_axis=-1)
p = 0.7*q + 0.3*p
```

Hapa p ni picha iliyorudishwa sRGB. Kikadiriaji kinadhani kila pikseli ina chenga yake peke yake, lakini chembe ya filamu kwenye dpi 600 inaweza kuenea pikseli kadhaa, hivyo namba itakuja ndogo kuliko ukweli. Kama haionekani kufanya kitu, punguza picha iwe nusu, kadiria tena, utumie namba hiyo. Asilimia 30 ya picha ya awali inarudishwa makusudi. Bila chembe kabisa, ngozi inakuwa ya plastiki, na vinyweleo na chale vinaondoka pamoja na chenga.

7. Ukungu

Hii ni hatua ya hiari, na mara nyingi ni heri kuiacha. Inafaa pale tu unapoweza kusema nukta moja ya mwanga ilitawanyika kwa umbo gani. Tafuta ncha za mwanga: kwenye macho, shanga, chuma cha baiskeli. Zote zikiwa vijistari vya pikseli 12 vinavyoelekea upande mmoja, kamera ilitikisika. Zikiwa vidoa vya duara, fokasi ilikosea. Kila moja na umbo lake? Basi ni mtu aliyesogea, na mbinu hii haitakufaa kwa picha nzima. Fourier inathibitisha mtikisiko: kwa urefu wa pikseli 12 kwenye upana wa 2400, utaona mistari ya giza kila pikseli 200. Kwenye mistari hiyo taarifa imekufa. Kugawanya tu kwa umbo la ukungu kunamaanisha mahali palipobaki moja kwa mia panazidishwa mara 100, na chenga zake nazo mara 100.

Kwa hiyo tunatumia Richardson-Lucy, iliyobuniwa na Richardson mwaka 1972 na Lucy mwaka 1974, kila mmoja kivyake. Darubini ya Hubble iliporushwa mwaka 1990 na kioo chake cha mita 2.4 kikagundulika kimesagwa vibaya ukingoni kwa takriban maikromita 2, wanaastronomia waliitegemea mbinu hii mpaka mafundi walipoifikia darubini Desemba 1993. Waliweza kwa sababu nyota ni nukta: kila picha ilikuja na umbo la ukungu wake ndani. Wewe huna bahati hiyo, una shanga.

Geuza tena kuwa mwanga halisi kati ya 0 na 1, ongeza kingo kwa np.pad aina ya reflect, upana mara mbili ya umbo la ukungu, kisha pitisha richardson_lucy(chaneli, umbo, num_iter=10) kwa kila chaneli, na ukate kingo ulizoongeza. Jumla ya umbo iwe 1. Anza na mizunguko 10. Kufikia 50 utaona pete nyeupe kuzunguka kola na madoa kwenye mashavu. Pete zikitokea mapema, kwenye mzunguko wa 5 au 8, kosa ni umbo: liko refu mno au limepinda nyuzi kadhaa. Lifupishe pikseli 2 ujaribu tena.

Nyuso za akili mnemba

Programu kama GFPGAN ya mwaka 2021 zinatoa sura kali kutoka kwenye kidoa cha pikseli 30. Sura hiyo haikuwa kwenye picha. Imetungwa kutokana na nyuso ambazo programu ilifundishwa nazo. Mwaka 2020 programu ya PULSE ilipewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi viboksi, ikarudisha mzungu. Ukiitumia, iwe kwenye nakala yenye jina la faili linalosema wazi kuwa uso umetungwa, na kamwe isitumike kumtambua mtu.

Kuhifadhi

Weka mafaili matatu: skani ghafi usiyoigusa, TIFF ya biti 16 iliyokamilika (mwisho.tif) pamoja na maski yake, na JPEG ya ubora 95 ya kutuma. OpenCV hupanga chaneli bluu, kijani, nyekundu. Ukihifadhi kwa scikit-image bila kuzigeuza, familia nzima itatoka na nyuso za bluu. Pia OpenCV inadondosha profaili ya rangi ya skana bila kukuambia. Irudishe kwa exiftool, programu ya kusoma na kuandika taarifa zilizo ndani ya faili la picha:

exiftool -TagsFromFile a.tif -icc_profile mwisho.tif

Kisha fungua mwisho.tif kwenye GIMP kando ya a.tif. Ukiona rangi zimetofautiana na zile ulizoziona ndani ya Python, skana ilihifadhi kwa nafasi nyingine isiyo sRGB, na hesabu ya hatua ya 5 irudiwe baada ya kubadilisha profaili.